Mtoto Aangukaye na Mizani Yetu

Mtoto ambaye viungo vyake havimtii na masomo hayamwingii upesi ana haki gani juu yetu? Wako miongoni mwetu hapa Galu wadhanio kuwa haki yake ni chakula na nguo tu, kisha afichwe uani wageni wasimwone. Wengine humpeleka chuoni. Akijikwaa akaangusha juzuu, hupigwa kwa kudhaniwa mtundu. Wengine tena humvisha hirizi na kumpungia pepo, au humsingizia mamake kuvunja mwiko. Sisi twaona njia zote tatu ni dhuluma.

Kusimama wima si jambo dogo. Mwili hutaka habari za macho, za sikio la ndani, na za misuli na maungio. Kisha ubongo huzikusanya na kuamrisha. Kwa wengi wa watoto wenye uzito wa kujifunza, kazi hiyo huchelewa, ndipo mtoto akaanguka palipo sawa, au akashindwa kufunga kifungo cha kanzu yake. Kumpiga kwa hayo ni sawa na kumpiga kiwete kwa kuchechemea. Lakini kuchelewa si kukosa kabisa. Viungo hufunzika, kwa mazoezi madogo yarudiwayo kila siku.

Na zana tunazo. Maji yakipwa, pwani yetu huacha mchanga mgumu: achorewe mstari autembee, kisha asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshikwa mkono, kisha aachwe. Akiweza hapo, apelekwe kwenye mchanga laini. Mdako wa vijiwe humfunza vidole na macho kufanya kazi pamoja. Hata sala, ingawa ni ibada wala si mchezo, katika kurukuu, kusujudu na kuinuka kwake mna mafunzo ya mwili. Na asiyeweza kusimama, sheria yetu imemruhusu asali kwa kukaa.

Atasema mtu: "Huyu kalamu imeinuliwa kwake, mbona tumtaabishe?" Kwanza, si kila aliye mzito wa kujifunza amekosa akili, wengi wao hufahamu, ila huhitaji muda. Pili, hata yule ambaye kalamu imeinuliwa kwake, haikuinuliwa kwetu sisi tuliopewa amana ya kumlea. Yeye hataulizwa kwa nini hakujifunza. Sisi tutaulizwa kwa nini hatukumfunza.

Abdullahi bin Masud alikuwa na miundi myembamba. Imepokewa katika Hadithi kuwa masahaba walipoicheka, Mtume (S.A.W.) aliwajulisha kwamba miguu ile ni mizito katika mizani ya Akhera kuliko jabali la Uhud. Basi nani kati yetu aijuaye mizani hiyo, hata amcheke mtoto aangukaye?

Serikali nayo, katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, imempa mlemavu haki ya kusoma. Itakuwa aibu haki hiyo ipatikane shuleni na ikosekane chuoni. Walimu na waweke bakora chini, wampe mtoto huyu mahali pa mbele na muda wa kutosha. Na akina baba wamtoe uani, wamshike mkono mpaka ufukweni, na kisha msikitini.

Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.