Kupanda Mlima Kabla ya Alfajiri

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, tumeulizwa na vijana waendao bara: je, yajuzu kupanda milima ya moto kwa kutembea tu? Twajibu kuwa yajuzu, tena huenda ikawa ibada, maadamu nia ni kuzingatia uumbaji wa Mola. Naye katika Qur'ani ametuhimiza tutazame jinsi milima ilivyosimamishwa.

Tazameni Longonot. Vijana hulala Naivasha, wengine kwa jamaa zao Kihoto, wakatoka kungali giza ili wautangulie ukali wa jua. Mlima huo wafika mita 2,776 juu ya bahari, na kileleni pana shimo kubwa lililotema moto zamani; leo ndani yake mmeota msitu. Aliyeotesha miti katika jiko la moto hashindwi kuuhuisha moyo uliokufa. Na wapandao Kilimanjaro huondoka kambi ya mwisho kiasi cha saa sita za usiku, wakavumilia baridi ili macheo yawakute Uhuru, mita 5,895.

Basi hapa ndipo penye hoja. Kijana huyo aamkaye usiku wa manane kwa ajili ya kilele, huku mjini adhana humkuta kitandani, na msikiti u hatua chache na mlango wake! Kuamka anaweza, udhuru wa usingizi ameuvunja kwa miguu yake mwenyewe.

Wala safari si udhuru. Msafiri ameruhusiwa kupunguza adhuhuri, alasiri na isha. Ama sala ya alfajiri haipunguzwi wala haikusanywi na nyingine. Wakati wake waanza kwa alfajiri ya kweli, na waisha jua lichomozapo. Basi mwenye kungoja jua kileleni ili apige picha, naye hajasali, amepanda kushuhudia kwa macho yake sala yake ikimpita. Na asali pale imfikiapo. Maji aliyo nayo akiyahitaji kwa kiu, na atayamamu kwa udongo safi wenye vumbi. Kibla chetu Mombasa ni karibu kaskazini sawasawa. Akiwa Naivasha, na aelekee mashariki kidogo.

Tena mwili ni amana. Aumwaye kichwa na kutapika kwa uchache wa hewa, ateremke. Hapana thawabu katika kujiangamiza.

Limebaki neno moja. Asimamaye ukingoni mwa Longonot huliona Ziwa Naivasha. Maji yake yalipanda mwaka 2020, na tena mwaka 2025, yakaingia majumbani Kihoto, watu wakahama na watoto wao. Nao pia ni katika mazingatio. Mtu kuzitazama ishara za Mungu kwa mbali, asimtazame jirani aliyepatwa, ni kusoma nusu ya ukurasa. Basi ashukapo, na aulize hali zao, atoe alicho nacho, wala asimwulize aliyefurikiwa dini yake kwanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuamka kwa ajili Yake kabla ya kuamka kwa ajili ya nafsi zetu. Amin.