Kununua Mafuta Katikati ya Alizeti

Februari, Issuna ni kijani kitupu. Mtama umefika magotini, alizeti imeanza kufungua vichwa, na ukisimama kando ya barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida utadhani umefika kwa watu wenye neema. Ingia dukani. Utamkuta mtoto ametumwa na kichupa, anapimiwa mafuta ya jero. Nyuma ya duka, hatua chache tu, shamba la alizeti la mama yake linayumba kwa upepo.

Nimekuwa mtoto huyo. Kichupa changu kilikuwa cha dawa ya kikohozi, na nilikionea aibu kuliko nilivyoionea aibu kaptula yangu.

Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja. Inaanza kati ya Novemba na Desemba, na Aprili ikiisha inakuwa imeaga. Baada ya hapo ni upepo na vumbi hadi mwisho wa mwaka. Kaya inavuna mara moja, kati ya Mei na Julai, na kilichovunwa hakina budi kuvuka miezi yote iliyobaki. Januari na Februari ndiyo mizito. Shamba linadai palizi, shule zimefunguliwa, ghala limeanza kuonyesha sakafu. Wenzangu wa mishahara wanalijua jambo hili kwa jina jingine, mwezi kupiga kona. Kona ya Issuna inakuja mara moja kwa mwaka, lakini ni ndefu.

Ndiyo maana ushauri mwingi wa kubana matumizi ukifika huku unakuwa kama koti la kuazima. Punguza soda, usile hotelini, zima taa usipozihitaji. Sawa. Lakini mtu anayekula ugali wa mtama na mlenda mara mbili kwa siku apunguze nini? Mlenda? Hela yake haipotei kwenye anasa. Inapotea kwenye kalenda: anauza Juni wakati kila mtu anauza, ananunua Februari wakati kila mtu ananunua. Anayefaidi ni mwenye lori na ghala, na simlaumu, maana yeye amefanya kile ambacho sisi tungepaswa kukifanya, yaani kusubiri.

Nina ushahidi, na mshitakiwa ni mimi. Mwaka mmoja, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kazi na kujiona mjuzi, nilimshauri mama auze mtama wote wakati wa mavuno ili tumalizie bati za nyumba. Nikapiga hesabu kwenye karatasi, ikapendeza. Bati zikapanda. Ilipofika Februari tukawa tunanunua mtama kwa debe, na bei ilikuwa inakaribia maradufu ya ile tuliyouzia. Mama hakusema neno. Mvua ilipokuwa ikipiga juu ya bati mpya alikuwa ananitazama tu, na mimi nilikuwa natazama sufuria.

Aliyenifundisha ni dada yake, mama mkubwa wangu. Nilimtembelea mwaka uliofuata wakati wa kupura.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunihesabia gunia na mimi?"

Habari zilikuwa zimeshamfikia. Akanikalisha kwenye kigoda, akanionyesha mtama uliokuwa bado kwenye turubai. Kwanza anatoa wa kula, anaupima kwa debe huku akiitaja miezi mmoja mmoja hadi mavuno yajayo. Halafu mbegu. Halafu fungu analoliita la wageni na misiba, kwa sababu wageni na misiba havigongi hodi. Kinachobaki ndicho cha kuuza. Haya yote yanafanyika kabla mnunuzi hajaonekana na mzani wake. "Akija," aliniambia, "anakuta cha kwake tu." Sisi tulikuwa tunauza kwanza, kisha tunakula kilichobaki.

Alizeti nayo ina hesabu yake, na hii niliifanya mwenyewe kwa kalamu. Kipimo cha jero kila siku ni shilingi 15,000 kwa mwezi, 182,500 kwa mwaka. Gunia 3 za alizeti zikibaki nyumbani zitatoa zaidi ya lita 30 za mafuta, kutegemea mbegu na mashine, na juu yake mashudu ya kulishia kuku. Kuna wenye mashine wanaokubali kukamua bila fedha taslimu ukiwaachia mashudu. Mama mkubwa hazikamui zote kwa mpigo. Anapeleka gunia moja moja, kwa sababu mbegu kavu hutunzika vizuri kuliko mafuta yaliyokaa juani kwenye dumu. Na gunia lisiloguswa halimwagwi na mpishi mkarimu. Bei ya alizeti ilipoporomoka mwaka 2023, wakulima wa Singida walilia, na walikuwa na haki. Ila gunia ambalo kaya ingelikamua kwa ajili ya jiko lake halikuuliza bei ya soko.

Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hawakumjua dumuzi. Mdudu huyu kwao ni Amerika ya Kati, na hapa kwetu alianzia Tabora, jirani zetu, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Kuna sehemu walimwita Skania, kama lori. Anapenda mahindi na mihogo mikavu. Akiingia, gunia linabaki unga na matundu. Kwa hiyo kuweka akiba ya nafaka kuna gharama zake, na anayekuambia usiuze bila kukuambia utaihifadhi vipi anakudanganya nusu. Mtama na uwele, vikikauka sawasawa, vinavumilia kihenge kuliko mahindi. Mahindi yanataka dawa ya unga, au ile mifuko isiyopitisha hewa: plastiki mbili ndani, mfuko wa kawaida nje, unaufunga kwa nguvu mpaka wadudu waliomo wanakosa hewa. Ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, lakini usipotobolewa na panya unaurudia mwaka unaofuata. Paka ni wa lazima.

Mboga ni hivyo hivyo. Mwezi wa Machi majani ya kunde yako mengi hadi yanachosha. Yachemshwe, yaanikwe, yatasubiri Septemba. Viazi vitamu vikatwe michembe.

Kuku ndiyo benki ya Issuna. Kuku wa Singida wanasifika nchi nzima, matenga yao hupanda malori kwenda Dar es Salaam, na mama anayehitaji daftari na sare hauzi debe la mtama, anauza jogoo. Hiyo ni busara. Lakini benki hii ina mwizi wake, kideri, anayeweza kumaliza banda zima ndani ya wiki moja. Chanjo yake ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, na inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko alionao mtu mmoja, na kikishafunguliwa hakikai. Basi majirani wachangishane, wachague siku, mmoja ashike kuku mwingine adondoshe. Nimeona watu wakichanga bila shida kwa ajili ya harusi ya mtu wa tatu, lakini kuchangia kichupa cha chanjo ikawa kikao cha wiki mbili. Nacheka, ila na mimi nilikuwa kwenye kamati ya harusi hiyo.

Fedha taslimu mama mkubwa anaziweka kwenye kikundi. Vikoba mnavijua: sanduku, kufuli 3, funguo kwa watu 3 tofauti, hisa kila wiki, mfuko wa jamii pembeni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatambulika kisheria na vinatakiwa kusajiliwa. Kilichonivutia kwake ni tarehe. Vikundi vingi vinavunja na kugawana Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, na fedha ya mwaka mzima inageuka pilau, vitenge na nauli za wageni. Cha mama mkubwa kinavunja Jumamosi ya kwanza ya Januari. Walibishana sana, akaniambia, wapo waliosema wanataka kula sikukuu kama watu. Sikukuu wanakula, kwa kuku. Hisa zinakutana na madaftari, sare, na kibarua wa palizi. Elimu bila ada ya mwaka 2016 iliondoa mzigo mkubwa, lakini madaftari na viatu havikuwemo.

Asiye na kikundi, Januari humpeleka kwenye kausha damu. Jina linajieleza. Mkopo unatoka kwa dakika chache, marejesho ni kila siku au kila wiki, na anayekuja kudai anakuja kwa pikipiki, majirani wakiona.

Nilimuuliza mama mkubwa kama hachoki kujibana hivi. Akakumbuka vita ya Kagera. Ilipoisha, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. "Sisi tulifunga," alisema. "Hakuna aliyerudi kutuambia imeisha." Halafu akamtuma mjukuu amkamate jogoo, kwa sababu nilikuwa mgeni na fungu la wageni lipo. Nilijaribu kukataa. Akaniuliza kama nadhani ameweka akiba ili aitazame.

Msomaji wangu wa mjini, wewe unavuna kila tarehe 25. Kabla mnunuzi wako hajafika, awe mwenye nyumba, wakala wa kubeti au kamati ya harusi, toa wa kula, toa wa mbegu, toa wa misiba. Sisi nyumbani tulianza kwa kuchelewa. Februari iliyopita hatukununua mtama. Mafuta tulinunua, lita 2.