Nani Alifagia Hapa?

Krismasi iliyopita, tukiwa tumemaliza kula, ami yangu aliniuliza swali lililonikaa kooni. "Mwanangu, hebu tuseme ukweli. Mzee angekuwa hai, wewe ungefika chuo kikuu?"

Watu wakanyamaza. Mamangu akainuka, akaanza kukusanya sahani. Jibu nilikuwa nalo: la, nisingefika. Babangu alikufa kazini nikiwa kidato cha pili, na fidia yake ndiyo iliyolipa karo mpaka mwisho. Mshahara wake haungetosha. Lakini ukilitamka jibu hilo, linasikika kama unalishukuru jeneza. Siku ile sikumjibu.

Je, inafaa mtu afurahie jema lililotokana na msiba?

Pa kuliegemeza swali hilo nilipata mahali nisipotarajia: angani. Tumezoea kusema ati kati ya nyota hakuna kitu. Kipo. Kuna gesi, nyingi yake haidrojeni, nyembamba mno, hapa imejikusanya ikawa wingu, pale imepungua. Jua letu sasa hivi linapita ndani ya wingu dogo ambalo, kwa wastani, kila sentimita moja ya ujazo haina hata atomu moja kamili. Wingu hilo na wenzake wadogo wamo ndani ya uwazi wenye upana wa karibu miaka 1,000 ya nuru. Wanaastronomia huuita kiputo. Ndani yake gesi ni haba, ukutani imerundikana. Ni kama kiwanja cha nyumba kilichofagiwa alfajiri, majani yote yakasukumwa ukingoni.

Nani alifagia? Mwaka 2022, Catherine Zucker na wenzake walichapisha hesabu zao katika jarida la Nature. Takriban miaka milioni 14 iliyopita, nyota kubwa zilianza kulipuka, moja baada ya nyingine, labda 15 hivi. Kila mlipuko uliisukuma gesi mbele zaidi. Ilipobanana ukutani ikaanza kuzaa nyota changa, zikiwemo zile za upande wa kundinyota la Nge na la Ng'ombe. Jua lilikuwa mbali mambo yalipoanza. Liliingia humu kama miaka milioni 5 iliyopita, likipita njia yake tu.

Hata majivu ya milipuko ya aina hiyo yametufikia. Kwenye sakafu ya Bahari ya Pasifiki na katika theluji ya Antaktika kumepatikana chuma-60, chuma kinachotengenezwa ndani ya nyota kubwa. Nusu yake huoza kila miaka milioni 2.6, kwa hivyo kile ambacho Dunia ilizaliwa nacho kiliisha zamani. Hiki kililetwa baadaye.

Najua, nyota si babangu. Nyota haiachi mjane wa kukusanya sahani. Lakini mpangilio ule ulinifunza kutenganisha vitu viwili nilivyokuwa nimevifunga pamoja: tokeo na kusudi. Nyota hazikulipuka ili nyota changa zizaliwe. Zililipuka, kisha nyingine zikazaliwa. Babangu naye hakufa ili nisome. Alikufa, kisha, kwa sababu mamangu alikataa katakata ile fidia iguswe kwa jambo lingine lolote, nikasoma. Shukrani yangu nilikuwa naogopa kuitoa kwa sababu nilidhani mwenyewe ni kifo. Kumbe mwenyewe alikuwa jikoni.

Anayesema "heri ilivyotokea" anakigeuza kifo kuwa bei, kana kwamba kuna mahali tuliketi tukakubaliana. Na anayekataa kabisa kufurahia anamdhulumu aliyehangaika baada ya mazishi. Mimi naishi katika nafasi iliyofagiwa na wengine. Nisiyopaswa kufanya ni mawili: kuiita tupu, au kujidai niliifagia mwenyewe.

Pasaka tulipokutana tena, nilimjibu ami. "La, nisingefika. Na bado ningemchagua yeye."

Kisha nikaenda jikoni kumsaidia mama kuosha vyombo.