Bolti Iliyokwama na Haki ya Kuamini

Bunduki ndogo ya kaliba ya 22 ndiyo ambayo familia nyingi za Marekani humkabidhi mtoto anapoanza kujifunza shabaha, na ndiyo inayotolewa kabatini msimu wa kuwinda sungura na kindi. Risasi yake ya kawaida, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1887, ina kichwa cha gramu 2.6 hivi, ni ya bei nafuu, na haimsukumi mpigaji begani. Kwa hiyo watu huidharau, ingawa kichwa hicho kidogo kikikosa shabaha huweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Tena ni bunduki yenye tabia ya kukwama. Risasi zake nyingi hupakwa nta kwa nje, na nta hiyo ikichanganyika na masizi ya baruti hujaa ndani ya chemba. Mafuta yaliyoachwa miaka mingi huganda na kunata. Ukucha mdogo unaovuta ganda huvunjika ncha. Mtu aliyezoea kupiga risasi fupi katika chemba iliyochongwa kwa risasi ndefu hujijengea pete ya uchafu humo ndani, na siku akitia ndefu, ganda linang'ang'ania. Basi mwenye bunduki yuko mezani kwake, anavuta mkono wa bolti, komeo linalofunga chemba, nao hausogei. Sababu zote hizo fundi anazijua. Swali linalobaki si la ufundi: mtu huyu ana haki gani ya kuamini kwamba ndani hamna risasi?

Swali ni gumu kwa sababu ya kitu chenyewe kilichoharibika. Bunduki nzima ukiihofia, dawa yake ni rahisi: unatoa magazini, unafungua bolti, unatazama chemba, unaingiza kidole kama macho hayakutoshi. Bolti ndiyo mlango wa kujua. Ikikwama, anayesema "haina kitu" anasema habari za chumba ambacho hawezi kukichungulia. Anategemea kumbukumbu ya mara ya mwisho alipoitumia, au neno la aliyeirudisha kabatini. Wakati huohuo haja ya kuamini inaongezeka, kwani kazi haiendelei bila imani hiyo. Ili agonge mkono wa bolti kwa nyundo ya mpira, ili achokonoe ganda kwa ufito kupitia mdomo wa mtutu, ni lazima kwanza ajiambie kwamba hakuna cha kulipuka. Na risasi ya aina hii haina kiwashio katikati ya kitako. Baruti ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo wote wa kitako, na kubonyezwa kwa ukingo huo ndiko kunakoiwasha. Ushahidi umepungua, hamu imezidi. Mahali pa namna hiyo ndipo akili ya binadamu huzoea kujidanganya.

Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyefariki mwaka 2006, aliwafundisha wanafunzi wake kanuni ambayo leo inarudiwa karibu kila uwanja wa shabaha: bunduki zote zina risasi, siku zote. Kama taarifa, kanuni hiyo ni uongo mtupu. Bunduki nyingi duniani, saa hii, hazina kitu. Lakini wanaoishika si wajinga. Hawazungumzii bunduki, wanajizungumzia wenyewe. Wanakubali kwamba kumbukumbu yao si shahidi wa kutosha pale ambapo kosa moja halirekebishiki. William Clifford, mwanahisabati Mwingereza, alilifikisha jambo hili mbali zaidi mwaka 1877. Alitoa mfano wa mwenye meli aliyekuwa na shaka na chombo chake kikuukuu, akajituliza mwenyewe kwa kukumbuka safari nyingi zilizopita salama, akawaachia abiria waende wakazame. Clifford hakuishia hapo. Alisema hata kama meli ingefika salama, mtu yule angekuwa na hatia ileile, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini.

Wanaodhani hiyo ni mizani ya wanafalsafa wakali tu wazitazame sheria za dini. Torati inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Hakuna aliyeanguka bado, na wajibu umekwisha kuwapo. Torati hiyohiyo inasema ng'ombe akimpiga mtu pembe mara ya kwanza, mwenye ng'ombe hana hatia. Akiwa alikwisha kuonywa na hakumfunga, hesabu inageuka kabisa. Katika Uislamu, Mtume alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, na sababu iliyotajwa ni kwamba mwenye kuishika hajui, huenda shetani akauvuta mkono wake. Alikataza pia watu kupeana upanga uliochomolewa alani. Makatazo haya hayamhusu mwenye nia mbaya, kwa maana huyo ana makatazo yake. Yanamhusu mtu mwema, anayempenda nduguye, aliye na uhakika kwamba hakuna kitakachotokea. Uhakika wake umekataliwa kuwa udhuru.

Hapa mjuzi wa fikihi atanisimamisha, na ana haki. Je, si kanuni mashuhuri kwamba yakini haiondolewi na shaka? Aliyetia udhu kisha akashuku kama umetenguka huswali bila kujisumbua, na anayefuata kila shaka huambiwa ana wasiwasi, ugonjwa usio na mwisho. Kwa nini basi mwenye bunduki abebeshwe shaka ambayo mwenye kuswali ametuliwa? Nadhani jibu limo katika sheria ya uwindaji. Adiy bin Hatim alifundishwa kwamba akimpiga mnyama mshale kisha akamkuta ndani ya maji, asile, kwa kuwa hajui kama ni mshale ulioua au maji. Akimkuta mbwa mwingine pamoja na wa kwake, asile vilevile. Hapo shaka imepewa nguvu zote, kwa sababu asili ya nyama ni kukatazwa mpaka uhalali wake uthibitike. Kanuni haikuvunjwa, kilichobadilika ni kipi kinahesabiwa kuwa yakini. Na kwenye bolti iliyokwama, yakini ni zipi? Kwamba chombo hiki kimetengenezwa kupokea risasi, na kwamba damu ya mtu haiguswi. "Haina kitu" ndiyo shaka, hata ikitamkwa kwa sauti ya kujiamini. Isitoshe, shaka ya udhu ni baina ya mja na Mola wake aliye mwingi wa msamaha. Ya bunduki inamwingiza jirani aliyelala upande wa pili wa ukuta, ambaye hajaulizwa.

Pingamizi la pili ni la wengi zaidi: ajali haina kinga, na lililoandikwa litakuwa. Sina ugomvi na kadari. Ninachopinga ni kuitumia kabla ya wakati wake, kuifanya kibali cha mtu anayekamata nyundo. Kurani inapozungumzia aliyemuua muumini kwa kukosea, haimwiti muuaji wa makusudi, lakini haimwachi aende zake: inamtaka fidia kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa au, asipoweza, kufunga miezi miwili mfululizo. Kafara hailipwi kwa jambo ambalo mtu hakuhusika nalo hata kidogo. Torati nayo inamjua mtu ambaye shoka lilichomoka mpinini likamuua mwenzake msituni. Inampa mji wa kukimbilia, lakini maisha yake ya zamani hayamrudii siku ile.

Kuna atakayesema kwamba maisha hayaishiki hivi, kwamba kila siku tunaamini bila ushahidi kamili. Ni kweli. William James alimjibu Clifford mwaka 1896 kwamba yapo maamuzi ambapo kuamini kabla ya uthibitisho ni halali: maamuzi yaliyo hai, mazito, na yasiyokwepeka. Namkubalia. Ila bolti iliyokwama inakwepeka kwa urahisi wa ajabu. Inatosha kuuelekeza mtutu kwenye udongo mahali pasipo na watu, kusubiri nusu dakika au zaidi kwa ajili ya risasi iliyochelewa kulipuka, kutoa magazini kama inatoka, na kujaribu bolti kwa nguvu za mkono tu. Isipokubali, mwenye bunduki hagongi. Anampigia simu fundi wa bunduki na kumwambia kwamba ina risasi ndani. Hakuna imani inayodaiwa kwake hata moja.

Watengenezaji wenyewe wamewahi kuuona ugumu wa mtu kulazimika kujiweka hatarini ili aitoe risasi. Remington 700, ambayo si bunduki ndogo, hadi mwaka 1982 ilikuwa na kifunga-usalama kilichozuia pia bolti, hivyo mwenye kutaka kutoa risasi alilazimika kwanza kuondoa usalama. Kampuni ikaubadilisha mpango huo. Chuma hurekebishwa. Lakini aliyegonga bolti huku mtutu ukiutazama ukuta wa jirani, ikafunguka, akakuta chemba tupu na kucheka, alikuwa na hatia kabla haijafunguka, na utupu wa chemba haukumsafisha.