Pumzi Ikipita Kwenye Waya: Ni Sala au Ni Uongo?



Wiki iliyopita kijana mmoja wa kwaya alinitumia video fupi. Jamaa amesimama, ameshika kitu kama filimbi nene nyeusi, anapuliza, na pembeni kuna kompyuta. Mara inatoka sauti ya filimbi, mara ya zeze, mara sauti ambayo hata sijui niiiteje. Swali likafuata: "Frateri, hapo anayepiga ni yeye au ni kompyuta? Na akija nayo kwenye Misa, ni sala au anatudanganya?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lenyewe ni kubwa, kwa hiyo leo tulikalie kidogo.

Kwanza tukijue chombo. Kwa kifupi kinaitwa EWI. Mwanzilishi wake ni Mmarekani Nyle Steiner, mpiga tarumbeta aliyeijua pia elektroniki. Alianza kutengeneza vyombo vya namna hii miaka ya 1970, na mwaka 1987 kampuni ya Akai ya Japani ikaanza kukiuza. Mpiga saksafoni Michael Brecker ndiye aliyewafanya watu wengi wa jazi waache kukicheka. Mdomoni hakuna kile kiulimi cha mwanzi kinachotetemeka kwenye saksafoni, na ndani hakuna hewa inayolia. Kuna kihisio kinachopima nguvu ya pumzi yako. Vidole vinagusa tu, havibonyezi. Ukichomeka waya kwenye kompyuta, pumzi yako inageuzwa kuwa namba, kati ya 0 na 127, kwa lugha ya MIDI ambayo vyombo vya elektroniki vinaongea tangu 1983. Programu ya sintesaiza inazipokea hizo namba na kutengeneza sauti. Ukipuliza kwa nguvu, sauti inakua, ukilegeza, inafifia, ukiacha, kimya. Na ukichomoa waya, unabaki kama mtu anayepoza uji.

Sasa, je, ni uongo? Filimbi inasikika na filimbi haipo. Kwa Mtakatifu Agostino, uongo hauko kwenye maneno tu, uko kwenye nia ya kudanganya. Kile kinanda kikubwa cha mabomba cha makanisa ya Ulaya kina safu za mabomba zinazoitwa filimbi, tarumbeta, hata *vox humana*, yaani sauti ya mtu. Karne na karne watu wamesali nacho, na sijasikia aliyekwenda kuungama kwa sababu alipiga tarumbeta isiyo tarumbeta. Kila mtu anaona kinachofanyika. Ingekuwa uongo kama huyo jamaa angeficha kompyuta na kuwaambia waamini kwamba kuna wapiga zeze wanne nyuma ya pazia.

Wapo watakaokitetea chombo hiki haraka kwa sababu nyingine: "Kinatumia pumzi! Mwanzo 2:7, Mungu alimpulizia mtu pumzi ya uhai. Kwa hiyo ni kitakatifu kuliko kinanda." Ni hoja tamu, na mimi mwenyewe inanivutia, lakini haisimami. Upepo wa kinanda cha mabomba haujawahi kuwa pumzi ya mpigaji. Zamani kulikuwa na watu wa kukandamiza mivukuto nyuma, siku hizi ni mota ya umeme. Hata hivyo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ulikipa kinanda hicho heshima ya pekee katika Kanisa la Kilatini, ukaruhusu na vyombo vingine kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi vifae kwa ibada na kuwajenga waamini. Kwa hiyo tusitafute utakatifu kwenye mapafu.

Tuutafute wapi? Hapa nitawarudisha darasani kidogo, mnisamehe. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatofautisha *actus hominis* na *actus humanus*. La kwanza ni jambo linalotokea tu ndani ya mtu: moyo kudunda, ndevu kuota. La pili ni tendo analolimiliki kwa akili na utashi, na hilo ndilo linaloweza kuwa jema au baya, na ndilo linaloweza kuwa sala. Pumzi iko mpakani. Usingizini unapumua na huna sifa wala dhambi kwa hilo. Lakini mpuliza filimbi anachukua kitu kinachojiendea chenyewe mwilini mwake, anakishika, anakipima, anakitoa kwa makusudi. Kinachopita kwenye ule waya ni namba, sawa, ila kila namba imetoka kwenye uamuzi wake. Anayepiga ni yeye.

Na Kanisa lilishaligusa jambo hili. Mwaka 1958 Roma ilitoa maelekezo kuhusu muziki mtakatifu: vyombo vya liturujia vipigwe na mtu mwenyewe, siyo vyombo vinavyojiendesha, na gramafoni, redio na mashine za kurekodi zikakatazwa humo. Kinanda cha elektroniki kilivumiliwa kwa muda pale ambapo uwezo wa kupata cha mabomba haukuwepo. Mengine ya zamani yamepita. Mwaka 1903 Papa Pio X alikataza piano na ngoma kanisani, na leo ngoma zinapigwa kwenye Misa zetu. Lakini sababu ya lile katazo la mashine zinazojiendesha mimi naiona bado ni hai. Mashine haiwezi kusali kwa niaba yetu.

Ndiyo maana nashangaa tunapokitilia shaka kifaa cha kupuliza huku kwenye parokia zetu biti ya kinanda imewashwa kuanzia wimbo wa mwanzo. Mnaijua. Mpigaji anabonyeza kitufe kimoja, ngoma, gitaa la besi na kayamba vinajipiga. Anaweza kuinama kutafuta karatasi, vikaendelea. Nimeona waimbaji wakihangaika kuifuata mashine, wakati Zaburi inahitaji kupumua katikati ya mstari. Kwa kipimo cha 1958, nani yuko karibu zaidi na gramafoni? Yule wa EWI akikohoa, sauti inakatika. Naona huo ni uaminifu.

Hata yeye asijisahau, lakini. Ndani ya hiyo programu kuna vitufe vya kujaza noti zenyewe, kutetemesha sauti yenyewe, kuongeza sauti ya pili na ya tatu ambazo hakuzipuliza. Chumbani achezee apendavyo. Kwenye Misa, ningekuwa mimi kiongozi wa kwaya, ningemwomba avizime vyote na abakize sauti moja tulivu. Na kabla hajachomeka waya, paroko awe ameshasema ndiyo.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni jingine kabisa. Mtu mmoja na kompyuta yake anaweza kutoa sauti za watu wanane, tena bila kuchelewa mazoezini, bila kununa, bila kuomba nauli. Kwa kamati yenye bajeti ndogo ni kishawishi kikubwa. Ila liturujia ni kazi ya watu waliokusanyika, wakiwemo wanaochelewa na wanaonuna. Yule mtoto anayejifunza filimbi ya mwanzi, anayekosea noti kila Jumapili, ana nafasi yake pale. Kwa hiyo kama kwaya yenu inafikiria kuchangisha kwa ajili ya kifaa hiki, kabla ya kuuliza bei, kaeni na wapiga ngoma na wapuliza filimbi mlionao, muwaulize watakuwa wapi siku hiyo.