Nilisahau Nywila, Nikaikosa Sauti ya Mama



Vijana wenzangu, Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu wetu, na mwaka huu nimeuanza kwa aibu. Naomba niwasimulie, maana sidhani kama niko peke yangu.

Mama yangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa mama wa kawaida tu wa kijijini, Sumbawanga: mkulima wa mahindi, mwana WAWATA, mwimbaji wa kwaya ya kigango. Kuandika meseji hakupenda, alisema macho yanamuuma. Kwa hiyo kila Jumapili jioni alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp. Dakika moja, mbili. Habari za shamba, nani kajifungua, nani anaumwa jumuiyani. Na kabla hajamaliza, siku zote swali lilelile: "Mwanangu, umesali?" Alipotutoka, sauti hizo zilikuwa zaidi ya mia moja.

Nikajiapiza, hizi sizipotezi ng'o. Nikawasha nakala rudufu, hii tunayoiita bakapu, tena nikachagua ile iliyosimbwa, isiyofunguka bila nywila. Nikatunga nywila ngumu kwelikweli. Sikuiandika popote, nisije nikaibiwa. Nikatulia. Hazina iko salama.

Mwezi wa tisa mwaka huu nikashuka kwenye daladala, nikapapasa mfukoni: simu hakuna. Iliniuma, lakini sikuchanganyikiwa. Bakapu si ipo? Nikarudisha laini, nikapata simu iliyotumika, nikaweka WhatsApp. Ikaikuta nakala yangu. Ikaomba nywila.

Jamani, vidole viliganda juu ya kioo. Nikaandika jina la Mama na mwaka wake wa kuzaliwa. Siyo. Jina la kigango chetu. Siyo. Jina la shule, nikaongeza alama ya mshangao mwishoni. Siyo. Kilichonitesa zaidi ni hiki: nilijua kabisa kwamba nikiiona tu nitaitambua. Ila kuileta, siwezi.

Nikaenda kwa fundi simu. Akanisikiliza, akanirudishia simu yangu bila hata kuifungua. "Frateri, hii hata mimi siwezi. Nisije nikala hela yako bure."

Akanielewesha. Kufuli la mlangoni fundi anaweza kulivunja, kwa sababu vitu vya ndani viko vilevile. Nakala iliyosimbwa haiko hivyo. Sauti yenyewe imegeuzwa kuwa alama zilizovurugwa, na ufunguo pekee ndio unaojua kuzirudisha. Bila ufunguo, hata ukivunja mlango, ndani hukuti sauti, unakuta mavurugo. WhatsApp waliuleta ulinzi huu mwaka 2021: unachagua nywila yako, au ufunguo wenye tarakimu 64, na wao wenyewe hawaijui. Kubahatisha nako kuna ukomo. Ukizidisha, ufunguo unafungiwa moja kwa moja. Kwa hiyo sina wa kumlaumu. Ulinzi huo niliuomba mwenyewe, ukafanya kazi yake sawasawa. Ulinilinda hata dhidi yangu.

Kuna mtaalamu wa kompyuta wa San Francisco, Stefan Thomas, ambaye habari zake ziliandikwa magazetini Januari 2021. Alikuwa na bitcoin 7,002, na ufunguo wake ulikuwa ndani ya kifaa kidogo kinachoruhusu majaribio 10 tu ya nywila. Alikuwa ameshatumia 8. Mtu wa kompyuta huyo! Basi mimi mwana filosofia ningeponea wapi?

Usiku ule, kanisani, nikamlalamikia Mungu. Hata sauti tu, Bwana? Hata sauti tu ya Mama umeshindwa kuniachia? Nikiwa kwenye malalamiko hayo likanijia swali ambalo sikulitaka: mara ya mwisho kuzisikiliza sauti hizo ilikuwa lini?

Nikahesabu. Karibu miaka miwili.

Swali la pili likaja nyuma yake: na mara ya mwisho kumwombea Mama kwa jina lake ilikuwa lini? Hapo sikuweza hata kuhesabu. Niko kwenye Misa kila siku. Kila siku marehemu wanaombewa, na mimi naitikia pamoja na wote. Lakini Mama nilikuwa nimeiachia bakapu imkumbuke kwa niaba yangu.

Mwizi aliiba simu. Nywila hakuiba. Nywila niliipoteza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kutoitumia.

Hilo ndilo neno ninalotaka tulibebe leo: kuhifadhi si kukumbuka. Kitu kilichohifadhiwa kinaweza kukaa salama miaka na miaka, na moyo ukawa umeshakiacha. Angalia maisha yetu ya imani. Cheti cha ubatizo kipo kabatini. Picha za kipaimara zipo kwenye simu. Rozari ya Komunyo ya kwanza ipo kwenye droo, imefungwa vizuri na kitambaa chake. Vyote viko salama! Lakini siku msiba unapiga hodi, siku umeachwa na mchumba, siku matokeo yamekuja vibaya, unataka kufungua uchote nguvu, unakuta hata jinsi ya kuanza sala imekutoka. Siyo kwamba neema imeisha. Ni kwamba njia ya kuifikia hujaipita siku nyingi, nyasi zimeota.

Katika kuhangaika kwangu nimerudi kwa Mtakatifu Augustino. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anajiuliza swali lilelile lililonitesa mbele ya kioo cha simu: mtu anakitafutaje alichokisahau? Anamtaja yule mwanamke wa Injili ya Luka sura ya 15, aliyepoteza drakma moja kati ya kumi, akawasha taa na kufagia nyumba. Augustino anasema mama huyo asingeweza kuitambua shilingi yake kama asingekuwa na kumbukumbu yake. Kumbe ukiona unatafuta, ujue hujasahau kabisa. Kijana unayesema "nimepoteza imani" halafu inakuuma, kule kuumwa ni kumbukumbu. Ndani yako kuna kitu bado kinamtambua Mungu. Washa taa. Shika fagio.

Ila kilichonigusa zaidi kiko kitabu kimoja nyuma, cha tisa. Hapo Augustino anasimulia kifo cha mama yake, Monika, kule Ostia mwaka 387, mbali na kwao Afrika. Mama huyu kwa miaka mingi alikuwa ameshaandaa mahali pa kuzikwa, kando ya mumewe. Alipoona saa imefika, akawaambia wanawe wasihangaike na mwili wake, wauzike popote. Jambo moja tu aliwaomba: popote watakapokuwa, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Mnaona? Mtakatifu Monika hakuomba atunzwe. Aliomba akumbukwe. Na alipajua mahali pa kukumbukwa.

Maana Misa ndiyo ukumbusho ambao Yesu mwenyewe alituachia, na ukumbusho huo si picha ya zamani; pale altareni sadaka yake ya msalabani inakuwapo kweli kati yetu. Tunapowataja marehemu wetu pale, tunawakabidhi kwa Yule ambaye hana haja ya kubahatisha. Nabii Isaya, sura ya 49, anatuambia kwamba hata mama akimsahau mtoto wake anyonyaye, Mungu hatusahau; ametuchora kwenye viganja vya mikono yake. Mama yangu yuko kwenye viganja hivyo. Hakuna mwizi wa daladala anayefika pale.

Sasa kabla sijamaliza, jambo la simu ambalo pia ni jambo la roho. Ukiwa bado na simu yako mkononi na WhatsApp yako inafanya kazi, hata kama umesahau nywila ya bakapu, unaweza kuingia kwenye mipangilio, ukajithibitisha kwa alama ya kidole au namba ya siri ya simu, ukaweka nywila mpya. Ni rahisi hivyo. Ikishapotea simu, na nywila huikumbuki, hapo ndipo mlango unafungwa. Nilikuwa na miaka mitatu ya kufanya hivyo. Nilikuwa nasema nitafanya.

Na uhai ndiyo simu iliyo mkononi, ndugu yangu. Leo bado kitubio kipo, padre yupo, Jumamosi yupo anasubiri. Leo bado unaweza kumpigia mama aliye hai. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba saa iliyokubalika ni hii ya sasa. Hakusema Januari.

Mimi nimefanya matatu, nawe jaribu. Nimepeleka nia ya Misa kwa ajili ya Mama parokiani. Nimeliandika jina lake mwanzoni mwa kitabu changu cha Masifu, nianze naye kila asubuhi. Na nimempigia dada yangu, tukakaa kwenye simu karibu saa nzima, kila mmoja anamkumbusha mwenzake Mama alivyosema hiki na kile. Tulicheka, tukalia. Sauti zile zaidi ya mia moja sikuzipata, na sitazipata. Lakini tulipokuwa tunaagana dada akaniuliza, bila hata yeye mwenyewe kujisikia: "Na wewe, umesali?"

Nikamjibu kweli: "Bado. Naenda sasa hivi."

Tusali: Ee Bwana, wewe usiyesahau hata mmoja wetu, uwakumbuke marehemu wetu tuliowahifadhi tukaacha kuwaombea. Utufundishe kutumia leo neema tulizozifungia. Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri