Hati za Polisi na Wajibu wa Kujibu

Tuseme yuko mama mmoja katika mji mdogo wa kaunti ya Los Angeles, huko California, Marekani. Mwanawe amepigwa risasi usiku na askari. Mama huyu hatafuti ugomvi, wala hajafikiria fedha. Ataka kujua jambo lilitukiaje. Asubuhi aenda katika ofisi ya mji wake, kwa kuwa hapo ndipo alipopiga kura, na gari la askari lipitalo mtaani kwake kila siku limelipiwa na mji huo. Karani ampokea kwa adabu, kisha amwambia: "Pole sana, mama. Lakini sisi hatuna polisi. Wale ni askari wa sherifu wa kaunti. Hati zao hatunazo." Mama ashika njia, aenda kwa sherifu. Huko aambiwa aandike barua na kungoja. Na akiuliza ni nani aliyewaagiza askari wale kuzunguka mtaani kwake namna ile, ajibiwa kwamba hayo ni mapatano na mji, akaulize mjini.

Jambo la kutushangaza ni kwamba karani yule hakusema uongo. Ofisi ya sherifu nayo haikusema uongo. Watu wawili wamesema kweli mbili, na mama amerudi nyumbani mikono mitupu. Twaliona jambo hili lastahili kufikiriwa, maana si la California peke yake. Je, mtu akimpa mwingine kazi yake aifanye, amempa pia wajibu wa kuijibia?

Kwanza tueleze mambo yalivyoanza. Lakewood ni mji uliojengwa kwa haraka kubwa katika miaka ya 1950, katika mashamba yaliyokuwa karibu na mji wa Long Beach. Mwaka 1954 wakazi wake walipiga kura wawe mji wa kujitawala, ili wasimezwe na jirani yao mkubwa. Lakini kujitawala kuna gharama. Mji wenye polisi wake hauna budi kuwa na mkuu wa polisi, kituo, magari, mahabusu, na wataalamu wa kuchunguza alama za vidole na risasi. Basi Lakewood ikapatana na kaunti: kaunti itoe askari, mji utoe fedha. Miji mingine ikaona mpango huo ni mwema, ikaufuata. Leo kaunti ya Los Angeles ina miji 88, na zaidi ya 40 kati yake hulindwa na sherifu kwa mkataba. Hata Compton, mji uliokuwa na polisi wake wenyewe, uliwavunja mwaka 2000 na kumkabidhi sherifu kazi hiyo.

Sisi hatuulaumu mpango huu. Kutumia fedha za watu kwa uangalifu ni wema, na mji mdogo usioweza kujenga kila kitu peke yake haukosei kushirikiana na mkubwa.

Msomaji aliyezoea jeshi moja la polisi kwa nchi nzima, kama lilivyo la Tanzania, yampasa aelewe sherifu ni mtu wa namna gani. Si mtumishi wa mji. Huchaguliwa kwa kura za kaunti nzima, na kaunti ya Los Angeles ina watu wapatao milioni 10. Mji kama Lakewood, wenye watu 80,000 hivi, hauwezi kumwajiri wala kumfukuza. Ukichukizwa naye, waweza kukataa kuendelea na mkataba. Zaidi ya hapo hauna fimbo. Na mamlaka yake hayatoki kwa mji: hata mkataba usingalikuwapo, angalikuwa sherifu bado. Kwa hiyo karani asemapo "hati si zetu" anayo hoja, na mtu mwadilifu asiipuuze.

Hata hivyo twaona hoja hiyo ina mwisho wake. Nikimpelekea fundi viatu vyangu, daftari lake la kazi ni lake, nami sina la kumjibia mtu. Lakini baba akimwajiri yaya amtunze mtoto, na mtoto akaungua moto, je, baba aweza kumwambia mama wa mtoto, "Kamwulize yaya"? Yaya atajibu lake, hapana shaka. Lakini baba naye atajibu kwa nini alimchagua huyu, alimwagiza nini, na alipoona dalili za uzembe alifanya nini. Amekodi mikono ya yaya, ubaba haukukodiwa. Ulinzi wa watu ni wa namna hii ya pili, si wa viatu. Askari ana ruhusa ya kukamata, kufunga, na hata kuua ikiwa hapana njia nyingine. Baraza la mji lililotia sahihi mkataba ndilo lililosema, kwa jina la wakazi, kwamba ruhusa hiyo itumike mitaani mwao kwa kiasi fulani cha askari na kwa bei fulani. Hilo si neno dogo, nalo ni lao wenyewe, si la sherifu.

Sheria ya California yenyewe yaonekana kutambua hivyo. Sheria ya Kumbukumbu za Umma ilipitishwa huko mwaka 1968, na mwaka 2004 wapiga kura waliiingiza haki hiyo ndani ya katiba ya jimbo. Kwa sheria hiyo hati ya umma ni kila andiko lihusulo shughuli za watu ambalo ofisi imeliandika, inalimiliki, inalitumia, au imelihifadhi. Tuangalie maneno hayo vizuri. Mji hauna jalada la upelelezi, sawa. Lakini unao mkataba. Unazo ankara za malipo, na taarifa za uhalifu ambazo sherifu huuletea. Unazo barua kati ya meneja wa mji na kapteni wa kituo. Hizo zote ni hati za mji, na aziombaye ana haki ya kupewa. Karani aliyesema "hatuna" bila kutaja hizi alisema kweli iliyokatwa nusu. Tena sheria hiyo humwamuru amsaidie mwombaji kuitambua hati anayoitafuta, si kumfungia dirisha. Mwombaji hadaiwi kueleza sababu zake, wala si lazima awe mkazi au raia.

Basi mama yule aandike barua mbili, moja kwa mji na moja kwa sherifu. Kila ofisi ina siku 10 za kumjibu kama hati zipo na kama zitatolewa. Katika mambo yasiyo ya kawaida yaweza kujiongezea hadi siku 14 nyingine. Wengi hudhani siku hizo 10 ndizo za kukabidhiwa hati zenyewe. Sivyo, ni za kupewa jibu tu, na hapo ndipo wenye haraka huvunjika moyo. Kuhusu kifo cha mwanawe, tangu mwaka 2019 sheria imefungua majalada yaliyokuwa siri kwa miaka 40 hivi: askari akimfyatulia mtu risasi, au nguvu yake ikileta kifo au jeraha kubwa, hati za jambo hilo hutolewa, ingawa zaweza kucheleweshwa wakati upelelezi wa jinai unaendelea. Na gharama? Ofisi hutoza gharama ya kunakili tu. Mji wa Hayward uliwahi kutoza zaidi ya dola 3,000 kwa kazi ya kuondoa sehemu za siri katika picha za kamera za polisi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba haikuwa halali.

Yuko atakayesema: polisi wakifungua kila jalada, nani atathubutu kutoa ushahidi? Twakubali. Msichana aliyenajisiwa asisomwe na mji mzima, na shahidi aliyenong'ona jina la mwuaji asitiwe hatarini kwa udadisi wa majirani. Sheria yenyewe huziacha hati nyingi za upelelezi zikiwa zimefungwa, na majina ya namna hiyo hufichwa. Lakini tutofautishe siri imlindayo mnyonge na siri imlindayo mwenye bunduki. Hii ya pili hupenda kuvaa nguo za ile ya kwanza. Njia ya kuzipambanua ni kuuliza: nani angeumia kama ukurasa huu ungesomwa? Jibu likiwa ni ofisi peke yake, na aibu yake, hiyo si sababu.

Ukinyimwa, huko hakuna mamlaka ya kati ya kukata rufani. Sharti uende mahakamani. Ni kweli kwamba ukishinda, ofisi hulipa wakili wako. Lakini ni mjane gani asiye na akiba atakayeanza kesi kwa tumaini la kulipiwa mwishoni? Twaona hapa sheria njema imewekwa juu ya rafu ndefu mno.

Tena sheria hiyo yasema kwamba ofisi ya serikali isimruhusu mwingine kutawala utoaji wa habari ambazo yapasa zitolewe. Ni maneno mazito. Lakini mahakama zimelazimika kupima maana yake kesi kwa kesi. Mwaka 2013 mahakama ya rufani ilisema kwamba mji wa National City ulikuwa na wajibu wa kuzitafuta hati zilizoshikwa na mtaalamu uliyemwajiri, kwa sababu mkataba wao uliupa mji umiliki wa kazi ile. Mwaka 2019, katika shauri la mji wa Los Angeles na makampuni yanayokokota magari, mahakama ilisema kwamba kuweza kuzitazama hati si sawa na kuzimiliki wala kuzitawala. Mashauri hayo hayakumhusu sherifu, ambaye ni ofisi ya umma na hujibu kwa nafsi yake. Lakini yanatuonyesha lango lilipo: ni ndani ya mkataba. Mji uliokumbuka kuandika neno la hati una la kudai, na uliosahau hushika kofia mkononi na kuomba kama mgeni.

Sisi twaliona kosa kubwa si la karani. Yeye hukaa dirishani na kusema alichoambiwa. Kosa ni la wale wanaoketi mezani siku ya kutia sahihi, wakahesabu askari wangapi, magari mangapi, saa ngapi za zamu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: siku mama atakapokuja na swali lake, tutampa nini? Mikataba hiyo haidumu milele. Kila baada ya miaka kadhaa hurudi mbele ya baraza kutiwa sahihi upya. Kikao huwa cha wazi, na kabla ya kura mkazi yeyote huruhusiwa kusimama na kusema kwa dakika chache. Mara nyingi viti vya wasikilizaji huwa vitupu.